Vikombe vya Jaji

Jaji hakuwahi kuamua ugomvi hata mmoja nyumbani kwake. Waliomjua kwenye vikao hawaniamini nikiwaambia hivyo, lakini mimi nilikaa naye mlango kwa mlango kule Bredäng, Stockholm, tangu watoto wetu wako shule ya msingi, na ninajua ninachosema. Mkewe na binti yake Belyse wakianza kuvutana, mara sketi, mara kanisa, mara simu, yeye alivua miwani, akavaa viatu, akavuka korido na kunigongea.

"Samahani, Mama Kevin. Kuko kesi kwangu."

"Ai, na si wewe ndiye jaji?"

"Wale ni wangu. Siwezi kukaa."

Basi mimi, mpishi wa shule ninayenuka vitunguu, nakwenda kuketi jikoni kwake kuamua kama Belyse anaruhusiwa kulala kwa rafiki yake wa Kiswidi. Mama Belyse anafoka kwa Kirundi na Kiswahili, Belyse anajibu kwa Kiswidi, nami nawakatiza wote kwa Kiswahili cha Nakuru. Huko kwangu jaji mwenyewe amekaa na mume wangu, wanatafuna karanga na kutazama mpira. Nikirudi nasema, "Tayari," naye anaondoka zake. Hakuniuliza hata siku moja nani ameshinda.

Mwanzoni nilidhani ni uvivu wa wanaume. Baadaye nikadhani ni mzaha wake. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba lilikuwa jeraha, na nilipojua, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Sitasema alizaliwa kilima gani wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayo Warundi wenzake. Mimi nilimkuta na suti ya kijivu, sauti ya chini, na jina ambalo kila mtu alimwitia, Mrundi, Mkongo, Mkenya, hata yule Mchile aliyefanya naye kazi: Jaji. Kwao alikuwa jaji wa mahakama ya mkoa, wa zile kesi ambazo mashahidi wanaletwa na wewe unamtazama mshtakiwa usoni. Vita vilimtoa. Uswidi haikuwa na haja na vyeti vyake, kwa hiyo akapata kazi kwenye kibanda cha stesheni ya treni, pale penye vizuizi, akiangalia watu wakipitisha kadi. Chini ya jaketi la kazi alivaa tai kila siku. Nilimwambia hakuna anayeiona. Akasema, "Mimi ninaiona."

Kuna kisa cha kibanda hicho ambacho mume wangu alipenda kukisimulia. Asubuhi moja Belyse alisahau kadi nyumbani, akafika kwenye kizuizi, na aliyeko nyuma ya kioo ni baba yake. Mzazi mwingine angebonyeza kitufe, mtoto apite, yaishe. Jaji aliinuka kitini, akaenda chumba cha nyuma kumwita yule Mchile aliyekuwa akinywa kahawa. "Njoo uamue wewe," akamwambia. "Huyu ni wangu." Mchile alicheka mpaka akajimwagia kahawa, akafungua. Belyse alipita kichwa chini, wenzake wa darasani wote wanamtazama. Tulikicheka kisa hicho miaka na miaka. Sasa nikikikumbuka sicheki.

Alipopata uraia, chama kimoja cha siasa kilimpendekeza awe hakimu wa kiraia, yule ambaye Waswidi humwita nämndeman, yaani raia wa kawaida anayekaa kando ya jaji aliyesomea sheria na kuamua naye. Siku ya kwanza alipotoka huko alipanda ngazi zote kwa miguu, na lifti ipo, akaja kutueleza. "Hawana joho," alisema. "Jaji wao amevaa sweta! Na kahawa inapita!" Alikuwa ameshangaa, amefurahi, na amechukizwa kidogo. Yeye aliendelea kwenda na suti. Siku hizo chache za mwezi alikuwa tena mtu anayemtazama mshtakiwa usoni, na mkewe aliniambia kwamba ndizo siku anazolala vizuri.

Huko aliwaona wanaume wengi wanaopiga wake zao. Hakututajia kesi wala jina, mdomo wake ulikuwa na kufuli. Mara moja tu, akiwa mezani kwangu anamenya chungwa, alisema kwamba mwanamke anayepigwa hafiki mahakamani hivi hivi. Nyuma yake lazima yuko mtu mmoja aliyemwambia asirudi. "Huyo mmoja ndiye anamuokoa," alisema. "Sisi tunapiga muhuri tu." Aliyasema hayo kwa utulivu kabisa, akanipa nusu ya chungwa. Nimeyakumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya Jumamosi. Kule Hagsätra, kwenye ukumbi wa kupanga ambao makanisa yetu yalikuwa yakipokezana, watu walimletea magomvi yao. Wanakwaya wawili walikosana juu ya nani aongoze. Wakenya na Wakongo nusura wapigane msibani kwa sababu ya nani asimamie jiko. Kina mama wawili kutoka Tensta walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya zamu ya chumba cha kufulia, na ukikaa Stockholm unajua hilo si jambo dogo. Wote walikuja kwa Jaji, na wengi walirudi wakisalimiana.

Utaratibu wake haukubadilika. Kwanza chai, na hakuna kusema mpaka vikombe viishe. Kisha anavua saa ya mkononi na kuitia mfukoni, ili anayesema asimwone akiitazama. Aliyekuwa na maneno machache ndiye aliyetangulia kusema, hodari wa kusema akasubiri. Hakuuliza kwa nini. Alisema kwa nini humfanya mtu atunge. Yeye aliuliza, "Kisha?" Mtu anaeleza, ananyamaza, na Jaji, "Kisha?" Unaweza kumdanganya mtu anayekubishia, lakini mtu anayekuuliza "Kisha?" mara ya nne kwa sauti ile ya chini, mwenyewe unaanza kujisahihisha.

Na mwisho, hukumu ikishatolewa, kulikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna aliyeikwepa. Aliyeshinda ndiye huosha vikombe. Aliyeshindwa anaruhusiwa kuchukua koti lake na kwenda kununa nyumbani kwa amani, aliyeshinda anabaki kwenye sinki. Siku moja injinia mmoja Mkenya mwenzangu, mtu wa koti refu la sufu, alimshinda shemeji yake akawa anaelekea mlangoni kifua mbele. Jaji alikuwa ameshasimama hapo na kitambaa cha vyombo. "Bwana injinia," alisema, "kuko vikombe." Tulimwona injinia anakunja mikono ya shati. Kabla ya kumaliza, shemeji yake alirudi, akashika kitambaa, akamsaidia kukausha.

Usidhani alikuwa malaika. Kwenye karata aliiba waziwazi, bila aibu, na ukimkamata anacheka hadi machozi. Mbwa aliwaogopa vibaya, na katika jiji hili kila wa pili ana mbwa, kwa hiyo njia ya dakika chache kwenda dukani aliizungusha hadi nyuma ya maegesho. Alimpenda mkewe kupita kiasi na hakuwahi kumwambia mbele ya watu. Na Belyse, ambaye hakumfungulia kizuizi, ndiye ambaye picha yake ilikuwa ndani ya pochi yake, imechakaa kwenye kona. Nimeiona kwa macho yangu. Belyse hakuwahi kuiona.

Mama Belyse alikufa kwa saratani, na kelele za nyumba ile zikafa naye. Hapakuwa tena na kesi za jikoni. Belyse alikuwa amekuwa mwanamke, muuguzi, mzuri, mwenye hasira fupi ya mama yake, na kimya kirefu cha baba yake. Akaolewa na kijana wa gitaa wa kanisani, aliyependwa na kila mtu. Kwenye harusi Jaji alicheza. Nilikuwa sijamwona akicheza.

Sitaki kurefusha yaliyofuata. Kijana wa gitaa alikuwa na mikono. Siku Belyse alipokimbia, alikuja kwangu, si kwa baba yake aliye mlango wa pili, mdomo umevimba, amevaa viatu vya ndani kwenye theluji. Nikavuka korido mwenyewe kumwambia Jaji. Akauliza kama mtoto amekula.

Ilisemwa polisi wasiitwe. Sijui nani alianza, mambo hayo husemwa tu: ni ya nyumbani, tuyamalize wenyewe. Belyse alikubali kikao. Nilimuuliza kwa nini akubali, yeye aliyekulia hapa, anayejua haki zake zote. Akajibu kwa Kiswidi kwamba baba yake atakuwapo.

Ukumbi wa Hagsätra ulijaa. Upande mmoja mume, wajomba zake na nusu ya kwaya. Upande wa pili Belyse peke yake, na mimi nyuma yake. Chai ikanywewa. Mzee wa kanisa akasema, "Jaji, tuanze. Kiti ni chako." Jaji alikuwa ameshavua saa, kwa mazoea. Akainuka.

Nataka nieleze vizuri nilichokiona. Baba yake alipoinuka, Belyse aliinua uso, na uso wote ukafunguka, ule mdomo uliovimba ukajaribu kutabasamu. Alidhani anasimama ili aseme.

"Huyu ni mwanangu," Jaji alisema. "Siwezi kukaa."

Akavaa saa. Akavaa koti. Akatoka. Mlango wa ukumbi ule hujifunga wenyewe polepole, na sote tuliungoja ujifunge. Mzee mmoja akasema kwa heshima, "Mnaona mtu mwadilifu." Belyse alisema neno moja dogo, "Pappa," na nadhani nililisikia mimi tu.

Nilisimama nikasema msichana huyu harudi. Nilisema kwa sauti, na wanaonijua wanajua sauti yangu. Nikaambiwa, "Mama Kevin, kaa. Wewe ni jirani, tena Mkenya. Mzazi wake mwenyewe hajasema kitu." Na hapo walinifunga mdomo, maana ilikuwa kweli. Wakaamua mume aombe msamaha na mke arudi avumilie. Nilipotoka nilimkuta Jaji kwenye benchi la kituo cha basi, mabega meupe kwa theluji. Hakuniuliza nani ameshinda.

Belyse hakurudi kwa mume. Hakurudi kwa baba yake pia. Alipanda treni hadi Umeå, kaskazini huko, akapata kazi hospitali, akadai talaka mwenyewe kwa Kiswidi chake safi na akaipata. Mimi, ambaye huniita tante, yaani shangazi, alinipigia sikukuu. Nikimtaja baba yake, alikuwa na zamu, alikuwa na mgonjwa, alikuwa mlangoni anatoka. Jaji naye akaacha vikao. Watu walidhani ni uzee. Jumamosi nilikuwa nikimwona dirishani amesimama, anatazama treni zinavyoingia stesheni, na moyo wangu ulikuwa ukimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, sikujua nifuate lipi.

Vuli iliyopita alitoka hospitali. Moyo, walisema, hakuna zaidi la kufanya. Jumapili moja baada ya kanisa mlango wangu uligongwa. Alikuwa na suti ya kijivu, imekuwa kubwa kwake.

"Samahani, Mama Kevin. Kuko kesi kwangu."

Nilidhani akili imeanza kumtoka, kwa sababu kwake hapakuwa na mtu. Nilimfuata. Jikoni ametandika kitambaa cha mkewe. Ameweka vikombe viwili, wangu na wake. Upande mmoja wa meza kuna kiti kimoja, cha kwangu. Upande wa pili viti viwili, na kati yake nafasi.

"Kile cha kushoto ni cha mlalamikaji," akasema. "Cha kulia ni cha mlalamikiwa. Belyse dhidi ya baba yake. Nimempigia simu aje. Hapokei, na haki ni yake."

Tukanywa chai. Akavua saa, akanipa niitie mfukoni mwangu, kwa sababu leo hakimu ni mimi. Kisha akavuta kiti cha kushoto, akakaa.

"Jaji, hicho ni cha Belyse."

"Ninajua. Nimekuja kukaa upande wake."

Nikatazama kiti cha kulia, kitupu. Sikujua nicheke au nilie. Nikauliza, kwa kuwa ndivyo alivyonifundisha, kila upande usikilizwe, "Na mlalamikiwa yuko wapi?"

"Ametoka nje," akasema. "Kama kawaida yake."

Hapo ndipo aliponieleza. Akiwa jaji kijana, binamu yake aliletwa mbele yake kwa ugomvi wa shamba ambao mtu aliumia. Hapakuwa na jaji mwingine karibu. Alitaka kujitoa, akaambiwa hapana, kaa, tunakuamini. Akakaa. Na ili pasiwe na mtu wa kusema amependelea, alimpa binamu yake kifungo kizito kuliko ambacho angempa mtu baki. Watu walimsifu mji mzima. Binamu aliugua gerezani akafa, na shangazi yake, mama wa binamu huyo, alikuja mahakamani, akaketi benchi la mbele, akamtazama siku nzima akisikiliza kesi za wengine, jioni akaondoka bila neno.

"Nikaapa," alisema. "Damu yangu ikiingia mlango huu, mimi natoka mlango ule."

"Ukatoka."

"Nikatoka."

"Jaji," nikamwambia, "kiti cha hakimu ulitakiwa ukiache. Nani alikuambia uache na chumba? Ungehamia upande wa pili tu. Hatua chache. Palikuwa na kiti kitupu kando ya mtoto wako."

"Nilikiona," alisema. "Nilikiona kile kiti, Mama Kevin."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia bila karata mkononi. Nikangoja. Kisha nikafanya kazi niliyoitiwa. "Haya, mzazi wa mlalamikaji. Sema ulichokuja kusema."

Alishika meza, akasimama. Ilimchukua muda, na nilimwacha. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, kwa sauti ya mtu anayehutubia ukumbi uliojaa, "Mimi ni baba yake. Mwanangu amepigwa. Mwanangu harudi kwa mtu yule."

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha anakuja nyumbani."

Nikahukumu. Nilisema Belyse ameshinda, na baba yake ameshindwa. Jaji aliinamisha kichwa, akanishukuru. Nikainuka nikusanye vikombe, akanizuia mkono.

"Viache. Unajua nani anaviosha."

Akavipanga dirishani, vichafu vilevile, na nilisikia baadaye kwamba wasichana wa huduma ya nyumbani aliwakataza wasiviguse.

Jioni ile ile nilimpigia Belyse. Alikuwa zamu. Nikamwambia ni kuhusu baba yake, kuna jambo amelisema, inabidi alisikie. Nyuma yake mashine za hospitali zilikuwa zinalia. Akasema atanipigia wikendi, akaniahidi, wikendi kabisa. Jaji alifariki Alhamisi.

Alifika Ijumaa na begi dogo. Alikuwa ameanza kuota mvi mbele, kama mama yake. Tuliingia pamoja nyumba ya baba yake, na ndani palikuwa bado na harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Jikoni viti viwili vilikuwa bado vimekaa upande mmoja. Akauliza kwa Kiswidi kwa nini viko hivyo. Nikamwambia akae nimweleze. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha kulia.

"Hicho ni cha baba yako," nikasema. "Chako ni hiki. Ingawa siku ile chako ndicho alichokalia yeye."

Nikampa saa ya baba yake, bado ilikuwa mfukoni mwangu. Akaishika bila kuitazama. Nikaanza. Nilimweleza binamu, shangazi, benchi la mbele. Nilimweleza kiti kitupu alichokiona. Kila niliponyamaza nivute pumzi, alisema neno moja, na hakulisema kwa Kiswidi.

"Kisha?"

Nikafika pale aliposimama na kufunga kifungo cha koti. Nikayasema maneno yake kama alivyoyasema, yote. Belyse aliuziba uso kwa mikono, saa ikiwa humo humo kiganjani. Alilia kwa sauti ya mama yake, na sikumnyamazisha. Alipoweza kusema, akasema, "Alijua kusema. Kumbe alijua kusema, tante. Kwa nini hakusema siku ile?"

Nikaona afadhali mikono ifanye kitu. Nikaenda dirishani nikavichukua vile vikombe viwili, majani ya chai yamekauka chini, nikafungua bomba. Akainuka, akanisogeza taratibu kwa bega, akakunja mikono ya sweta.

"Viache, tante," alisema. "Mimi ndiye niliyeshinda."